Bi Mize Nguchiro na Mipaka ya Kunusa

Wanangu, sogeeni. Kabla sijaanza niwaambie ukweli: katika hadithi hii kuna fumbo moja ambalo nimelibeba tangu siku niliyoisikia, na mpaka leo sijalifumbua. Nani alifika Kichuguuni kwanza, Kifaru au Kiboko?

Ukiwauliza watu wa nyikani, watakuapia kwamba ni Kifaru. Ukiwauliza watu wa mtoni, watacheka na kusema Kiboko. Nimewauliza wote, nimewasikiliza wote, na kila upande una mashahidi wazuri. Nimeshindwa. Tuliache fumbo lilivyo, twende na hadithi.

Hapo kale, zamani zile mpaka ulipokuwa kitu cha kunusa na si cha kuchora, palikuwa na kijiji kidogo kikiitwa Kichuguuni. Vichuguu saba, basi. Upande wa machweo ulikuwa mto, nchi ya akina Kiboko. Upande wa mawio ilikuwa nyika ya miiba, nchi ya akina Kifaru. Katikati waliishi wadogo: nguchiro, panya, kanga, na dundu, wale wadudu weusi wanaofingirisha vinyesi vya wanyama hadi viwe mviringo kama ndimu. Jumbe wao alikuwa Kobe.

Katika kichuguu kikubwa, kile cha katikati, alikaa Bi Mize Nguchiro. Mwembamba, mwepesi, shingo juu, miguu haitulii. Siku hizo alikuwa na watoto sita wachanga, macho yao hayajafumbuka.

Basi wakaja wageni wawili, mmoja asubuhi, mmoja jioni. Ipi ilitangulia, asubuhi ile au jioni ile, ndilo fumbo langu.

Jumbe Kobe aliwapokea kama tunavyopokea wageni sote. Alimpa kila mmoja maji, akampa kivuli, akamwambia, "Karibu bwana, hapa ni kwenu."

Kifaru alikunywa maji, akashukuru, akaenda hadi kwenye kichuguu kikubwa, akaacha hapo lundo la kinyesi. Bup! Bup! Bup!

Kiboko naye alikunywa maji, akashukuru kwa maneno mengi, akageuza mgongo, akapepea mkia wake mfupi. Pwata! Pwata! Pwata! Kila kichaka kilichozunguka kichuguu kikubwa kikapata sehemu yake.

Msicheke. Kwetu sisi mpaka ni jiwe au mti. Kwao ni kinyesi. Pale ninaponuka mimi, ndipo nchi yangu ilipo. Hiyo ndiyo sheria waliyorithi kwa baba zao, na waliishika vizuri kuliko sisi tunavyozishika zetu.

Siku ya pili wakakutana, pua kwa pua, mbele ya mlango wa Bi Mize.

"Ahaa! Bwana Kiboko! Habari za mtoni?"

"Njema, rafiki yangu, njema kabisa! Na nyikani? Mama mzazi hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu. Bwana Kiboko, umesimama katika nchi yangu."

"Lo! Nami nilikuwa nasubiri umalize salamu nikuambie hivyo hivyo."

Kifaru akainamisha pembe. "Nusa. Lundo hili la nani?"

"Lako, silikatai. Na vichaka hivi?"

"Vyako. Vinanuka sana."

"Ahsante."

Ndege mmoja alikuwa akirukaruka juu ya mgongo wa Kifaru, anadonoa kupe. Huyo aliitwa Shashi, na ilikuwa kazi yake.

"Basi itabidi tupigane," alisema Kifaru.

"Itabidi. Inasikitisha."

"Inasikitisha sana. Siku ya nne kuanzia leo, jua likifika utosini?"

"Utosini hapana, bwana. Ngozi yangu haivumilii jua. Mapema mapema?"

"Mapema, bila shaka. Sisi ni waungwana. Hapa hapa?"

"Hapa hapa. Ndipo mipaka yetu ilipogongana."

Sauti ndogo ikatoka chini. "Hodi, mabwana wakubwa! Shikamooni!"

"Marahaba," akaitika Kifaru. Macho yake hayakuwa mazuri. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akaangalia mawinguni. "Nani anayesema?"

"Huku chini, bwana. Karibu na mguu wako wa kushoto. Usiunyanyue, tafadhali!"

Alikuwa Bi Mize.

"Mabwana, chini ya miguu yenu kuna vyumba vyangu. Ndani kuna watoto sita ambao hata macho hawajafumbua. Mkipigana hapa, paa litawaangukia."

"Usiogope, mama," akasema Kifaru. "Mimi nimekuja kuwalinda."

"Kutulinda na nani, bwana?"

"Na huyu."

"Nami," akasema Kiboko, na kifua kikamtuna, "nimekuja kuwalinda na yeye."

"Ahsanteni sana. Na kabla hamjaja, mabwana, tulikuwa tunalindwa na nani?"

Kifaru akamtazama Kiboko. Kiboko akamtazama Kifaru. Hilo hawakuwa wamelifikiria.

"Sheria ni sheria, mama," akasema Kifaru hatimaye. "Muungwana hauachi mpaka wake, na muungwana hauvuki mpaka wake. Ningependa iwe vingine."

Nami sidhani kwamba alidanganya. Alikuwa na mama yake nyumbani, na Kiboko ana meno marefu kama mkono wangu. Lakini neno lilikwishasemwa, na mkubwa akishasema neno mbele ya mkubwa mwenziwe, hulibeba hata likimvunja mgongo.

Wakaagana vizuri, wakaenda zao.

Bi Mize akakimbia huku, akakimbia kule. Angeweza kuwabeba wanawe mmoja mmoja kwa meno, kwa ngozi ya shingo. Lakini awapeleke wapi? Vichuguu vingine sita vilikuwa karibu mno, navyo vingekanyagwa. Na kwenye nyasi za wazi, juu kabisa, Mwewe alikuwa akizunguka polepole.

Akawaita wenziwe kikao.

"Jumbe," akasema, "tufanye nini?"

Jumbe Kobe akaingiza kichwa ndani. Shwap!

"Jumbe?"

"Nasikiliza," ikatoka sauti ndani ya gamba.

Mama Kanga akamgusa Bi Mize kwa bawa. "Shoga, anasikiliza nini humo ndani? Uji unachemka?"

"Mwache, shoga. Kila mtu na pa kukimbilia. Mimi sina." Bi Mize akasimama kwa miguu ya nyuma kama wafanyavyo nguchiro wakiwa na jambo. "Jamani, nimewasikiliza mabwana wale tangu asubuhi. Hawamtii mtu. Hawatatutii sisi, wala hawatatiiana wao kwa wao. Lakini kila mmoja anakitii kinyesi chake."

Mama Kanga akapasuka. "Ke-ke-ke-ke! Ee, unaendelea kusema au umemaliza?"

"Naendelea. Lundo likikaa mlangoni kwangu, Kifaru atakuja mlangoni kwangu. Likikaa nyikani, je?"

"Atakaa nyikani," akasema Fundi Dundu polepole. Alikuwa mkubwa wa dundu wote, fundi wa kufingirisha tangu kwa babu zake. Mara akashtuka. "Ngoja, Bi Mize. Unataka sisi tulihamishe?"

"Nani mwingine anaweza, Fundi?"

"Sisi tunaweza. Lakini kile ni chakula chetu! Unataka tufingirishe chakula siku tatu bila kukitia mdomoni?"

"Siku tatu tu."

"Mimi sijawahi kufingirisha kitu nisichokila. Baba hajawahi. Babu hajawahi."

"Siku ya nne mtakula mpaka mlale chali."

"Dundu akilala chali, mama, haamki."

"Tutapita tukiwageuza mmoja mmoja. Neno langu hilo."

Fundi Dundu akawatazama wenziwe. Mate yaliwatoka, lakini wakakubali.

Vichaka vya Kiboko vikabaki kwa panya. Panya hawakuhitaji kubembelezwa. Meno yao huwawasha wasipotafuna.

Hapo nieleze, maana mtaniuliza: wakubwa hawa wangeona nini? Kifaru ana macho hafifu na pua ya ajabu. Kila alfajiri hutoka nyumbani, pua chini, fffu, fffu, anafuata njia hadi aifikie harufu yake. Akiifikia husimama, huongeza lundo, hurudi kulala kivulini. Kiboko hufanya vivyo hivyo jioni, jua likishapoa. Wala hawanyanyui kichwa. Kwa nini wanyanyue? Pua imeshawaambia.

Siku ya kwanza, Kifaru alipomaliza shughuli yake akaenda zake, dundu wakatoka. Mia. Mia mbili. Biringi, biringi, biringi! Kila mmoja na kidonge chake, miguu ya nyuma inasukuma, kichwa chini, matako juu.

"Usilambe, wewe!"

"Silambi, nafuta jasho!"

"Unafuta kwa ulimi?"

Kufika adhuhuri, lundo lote lilikuwa limehamia nje ya kijiji, chini ya mgunga wa kwanza. Upande wa pili panya walikata matawi, karakacha, karakacha, na ukoo wa nguchiro ukayaburura hadi katikati ya mteremko wa mto na kuyasimamisha ardhini. Mama Kanga na wanawe wakaparura mchanga nyuma yao, wakafukia kila tone lililodondoka.

Jioni Kiboko akapanda kutoka mtoni. Fffu! Akasimama katikati ya mteremko.

"Kumbe ni karibu hivi! Nilidhani kuna kilima kirefu. Basi nitakuwa nakuja kila jioni." Pwata! Pwata! Akarudi majini akiimba.

Alfajiri Kifaru naye akaja. Fffu, fffu. Akasimama chini ya mgunga.

"Shashi, umeona? Leo nimefika upesi, wala sikuhema. Nadhani nimekuwa mwepesi."

"Bwana," akasema Shashi.

"Mh?"

"Jana lundo lilikuwa pale kwenye kichuguu kikubwa. Leo liko hapa chini ya mti."

Bup! Bup! Kifaru aliongeza lake jipya, taratibu, kama mtu anayeweka sahihi. Kisha akasema, "Shashi, kazi yako ni ipi?"

"Kupe, bwana."

"Nimekuajiri kwa kupe au kwa mipaka?"

"Kwa kupe. Lakini nina macho, bwana."

"Nami nina pua. Marehemu baba aliniambia: jicho hudanganywa na mwanga, hudanganywa na ukungu, hudanganywa na usingizi. Pua haidanganywi na kitu. Unataka nimwamini ndege kuliko marehemu baba?"

"Hapana, bwana."

"Endelea hapo nyuma ya sikio. Kuna mmoja ananiuma."

Shashi akaendelea nyuma ya sikio. Lakini Kifaru alipolala, akaruka, purr, hadi juu ya kichuguu kikubwa.

"Bi Mize! Nimekuona!"

Bi Mize alikuwa akiwanyonyesha wanawe. Hakuinuka. "Karibu, dada. Umeniona nikifanya nini?"

"Unahamisha mpaka wa bwana wangu! Nitamwambia!"

"Ulishamwambia. Mgunga uko karibu, nimesikia. Nakupa pole, dada, kusema kweli usiaminiwe ni jambo la kuumiza." Akamsogeza mtoto mmoja aliyekuwa akisukumwa na wenziwe. "Hebu niambie. Wakipigana, nani atashinda?"

"Bwana wangu!" Shashi akafikiri. "Ana pembe. Lakini yule ana meno. Sijui."

"Na bwana wako akianguka, utakula wapi?"

"Kuna migongo mingine."

"Upo mmoja karibu, tena mpana sana. Unakaa chini ya maji mchana kutwa. Unajua kuogelea, dada?"

Shashi akatazama chini, mlangoni. Watoto sita, pua sita za waridi, wanatafutana gizani.

"Upepo wa leo una mchanga," akasema hatimaye. "Umeniingia machoni. Huenda nisione vizuri siku mbili tatu hivi."

"Ugua pole," akasema Bi Mize.

Siku ya pili lundo likavuka nyasi ndefu hadi ukingoni mwa korongo. Siku ya tatu ikawa kazi. Korongo lile ni la mawe. Kidonge ukikisukuma juu hatua tatu kinarudi chini hatua nne, na mwenyewe kinakupitia.

"Sukuma!"

"Nimesukuma!"

"Kiko wapi?"

"Kiko juu yangu!"

Lakini jua lilipolala upande, lundo lilikuwa ng'ambo ya korongo, mwanzo wa nyika ya miiba. Matawi ya Kiboko yalikuwa yamesimama kwenye matete, ukingoni mwa maji, na Kiboko aliyanyunyizia bila hata kutoa tumbo lote mtoni. "Mji mzuri huu," alisema. "Unaufikia bila kuchoka."

Fundi Dundu akawahesabu watu wake. Mmoja hakuonekana, mzee mmoja mnene. Fundi akadhani kajilaza mahali kwa uchovu. Kweli kalala. Lakini kabla ya kulala alishindwa na tamaa. Alibaki nyuma na kidonge kimoja, akakifingirisha kurudi kijijini hadi pembeni mwa kichuguu kikubwa, akakila nusu, na usingizi ukamchukua pale pale, kichwa juu ya nusu iliyobaki.

Ndipo ikafika asubuhi ya siku ya nne.

Kifaru akaja mapema, ngozi imesuguliwa, pembe imenolewa kwenye mawe. Akanusa lundo lake, akaongeza la siku hiyo, akasimama kando yake na kungoja adui. Kiboko naye akasimama kwenye matete, mdomo wazi, meno yanameta. Kati yao kilikuwa Kichuguuni chote na vichuguu vyake saba, na wenyewe wamejifungia ndani, wanachungulia kwenye nyufa. Bi Mize peke yake alikuwa nje, juu ya paa lake, kwa miguu ya nyuma, anatazama mawio, anatazama machweo.

Upepo ukaamka. Ukatoka mtoni, ukapita kijijini, ukavuka korongo.

Fffu?

Kifaru akainua pua. Fffu! Fffu!

"Shashi, nasikia harufu yangu kule mbele."

"Mimi ni wa kupe, bwana," akasema Shashi, manyoya yamemsimama.

"Nchi yangu inafika mbali kuliko nilivyosimama!" Na Kifaru akashuka korongoni. Dum. Akapiga hatua ya pili. Dum. Ya tatu.

Bi Mize akakitazama kile kinachokuja, akakitazama kichuguu chini ya miguu yake. Akaruka. Alikimbia mpaka nyasi zikawa mstari tu pande zote mbili.

"Bwana! Bwana mkubwa! Shikamoo!"

"Marahaba. Pisha, mama. Mpaka wangu uko mbele."

Bi Mize akanusa. Kweli! Kumbe kuna mmoja hakuhesabiwa! Uongo wa kwanza ukamjia kichwani, akauona kilema. Wa pili ukaja, nao kilema. Wa tatu haukuwa na miguu kabisa. Basi akasema kweli.

"Ni harufu yako, bwana. Kuna dundu amekuibia kidonge kimoja na kukifingirisha hadi kijijini."

"Amekiiba?"

"Dundu, bwana, unawajua. Wao kazi yao kufingirisha. Sasa nakuuliza wewe unayeijua sheria: dundu akikichukua kidonge chako akakifikisha kitandani kwa Bwana Kiboko, je, kitanda cha Bwana Kiboko kinakuwa nchi yako?"

Juu ya mgongo, Shashi akafumba macho.

Kifaru akafikiri. Akifikiri, masikio yake huzunguka, moja huku, moja kule. Yalizunguka muda mrefu, na Bi Mize aliyahesabu kila yalipogeuka.

"Kitanda cha Kiboko," akasema Kifaru. "Hapana. Hata kidogo. Jambo la kipuuzi! Mpaka ni pale ninapouweka mimi mwenyewe, kwa mwili wangu. Hauwezi kumfuata dundu!"

"Ndivyo nilivyodhani, bwana. Na leo alfajiri uliuweka wapi, wewe mwenyewe, kwa mwili wako?"

Kifaru akageuza kichwa, akanusa nyuma yake. "Pale juu. Bado una moto."

"Basi hapa ulipo..."

"Nimeuvuka!" Kifaru akashtuka. "Nimeuvuka mpaka wangu kwa hatua sita! Na mbele ya watu! Shashi, kwa nini hukuniambia?"

"Mimi ni wa..."

"Kupe, kupe, najua!"

Akarudi kinyumenyume. Dum, dum, dum, dum, dum, dum. Akasimama kando ya lundo lake, amekaza shingo kama kwamba hakuwahi kutoka hapo.

Basi wakangoja. Jua likapanda kidogo. Likapanda tena.

"Kifaruuu!" ikatoka sauti kwenye matete. "Nakungoja!"

"Nami nakungoja! Njoo!"

"Njoo wewe!"

"Unaogopa?"

"Mimi? Nimesimama katika nchi yangu, nangoja uje kuivamia!"

"Nami nimesimama katika yangu! Nimekuwa nangoja wewe uivamie!"

"Mimi nivamie nchi ya mtu? Unanionaje, bwana? Mimi si mnyang'anyi!"

"Wala mimi!"

Kiboko akaufunga mdomo.

"Bwana Kifaru," sauti ya mtoni ikasema, sasa kwa upole, "hebu nusa vizuri. Mimi niko katika nchi yako?"

Fffu. "Hapana. Na mimi niko katika yako?"

Fffu. "Hapana."

"Basi ugomvi wetu ni upi?"

"Nilikuwa naanza kujiuliza."

"Jua limeanza kuchoma, bwana. Usije ukababuka. Rudi majini, tafadhali, msalimie mama watoto."

"Ahsante, rafiki yangu! Nawe msalimie mama mzazi!"

Kifaru akashusha pumzi. Haaaaa! Shashi alisema baadaye kwamba pumzi ile ilikuwa ndefu hata mgongo ulishuka chini yake kama godoro. Na mtoni mapovu yakapanda, blu-blu-blu-blu, ya mtu aliyekuwa amebana pumzi kwa siku nne.

Nyumbani kwake kila mmoja akasema, "Hakuthubutu kuja." Na ukitazama vizuri, hakuna aliyesema uongo.

Kule Kichuguuni milango ikafunguka. Dundu wakaenda kula kingo za lundo, kwa adabu, wakabakiza katikati pasiguswe. Bi Mize akaingia ndani, akawahesabu wanawe kwa pua: mmoja, wawili, watatu, wanne, watano, sita. Akawahesabu tena, si kwa sababu alisahau.

Alipotoka alimkuta Mama Kanga amevimba kooni, macho yanamtoka.

"Shoga, naomba ruhusa."

"Ya nini?"

"Kucheka! Amerudi kinyumenyume! Dum, dum, dum, na matako yake yale! Tutunge wimbo, shoga. Twende tukaimbe mpaka matete yasikie, mpaka miiba isikie!"

"Twende!" wakasema panya.

"Kikao kwanza," akasema Bi Mize.

Wakakaa. Safari hii Jumbe Kobe alitoa kichwa chote na shingo.

"Nilikuwa karibu naye kuliko nyote," akasema Bi Mize. "Alipogundua kwamba ameuvuka mpaka, niliyaona masikio yake. Aliona haya. Si mbaya yule, na mwenziwe si mbaya. Kila mmoja alijifunga kwa neno lake, na leo amepata namna ya kwenda nyumbani bila kulivunja. Mkiwaimbia wimbo wenu, watarudi kesho wote wawili, na safari hiyo hawatanusa chochote. Jamani, mkubwa ukimwachia njia ya kurudi nyuma, hatahitaji kupita juu yako."

Mama Kanga akameza mate, akameza na kicheko.

Jumbe Kobe akauliza kama yupo mwenye neno jingine. Hakuwepo. Basi yeye mwenyewe akautangaza uamuzi: lundo libaki mwanzo wa nyika, matawi yabaki kwenye matete, na mtu yeyote wa Kichuguuni, mwenye miguu miwili, minne au sita, asimcheke Kifaru wala Kiboko, leo wala kesho. Na kwa kuwa habari hiyo ilipaswa kufika kila mlango kabla ya jioni, ilitakiwa sauti kubwa kuliko zote.

Kazi hiyo akapewa Mama Kanga. Akaenda kichuguu baada ya kichuguu, vyote saba, akasimama wima kila mlangoni, akasema, "Kikao kimeamua: ni marufuku kucheka," wala mdomo haukumtetemeka.

Alipotoka kwenye kichuguu cha saba akaendelea kutembea, peke yake, mpaka mwisho kabisa wa nyasi. Huko akaingiza kichwa chini ya bawa, akacheka mpaka magoti yakamwishia.